Kijineno Nilichokikosea

Somo: Yohana 1:1–18, Tito 2:11–14, Luka 18:9–14



Jumapili hii sikuanza na ushuhuda. Nilianza na kuomba msamaha, na wale mliokuwa ibada ya kwanza mliona vile watu walinyamaza. Narudia hapa kwa maandishi kwa ajili ya waliokuwa safarini, maana kosa lenyewe nililifanya mbele ya kanisa lote.

Mwezi uliopita nilihubiri Yohana 1. Nikasema hivi: ukikutana na mtu anayebisha kwamba Yesu ni mungu fulani tu, wala si Mungu, mwambie kuna kanuni ya Kigiriki. Kwamba nomino ikitangulia kitenzi "kuwa" huangusha kile kijineno chake, ile "the" ya Kiingereza. Kwa hivyo Yohana alimaanisha "the God", yule Mungu mwenyewe, na mjadala umekwisha. Mlipiga makofi. Mimi pia nilijisikia vizuri, sitadanganya. Hiyo kanuni nilikuwa nimeitoa kwenye video ya dakika nane.

Baada ya wiki moja, mama mmoja wa maombi ya asubuhi akanisubiri pale mlangoni. Dada yake wa tumbo moja ni Shahidi wa Yehova, miaka mingi sasa. Wanapokezana kumtunza mama yao ambaye ni mgonjwa, na zile siku wanapatana kwa zamu huwa wanazungumza Neno. Basi huyu mama alikuwa amempelekea dada yake kanuni yangu, jinsi nilivyoisema. Dada alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu: kama Neno ndiye yule Mungu mwenyewe, na mstari unasema Neno alikuwa pamoja na yule Mungu, sasa alikuwa pamoja na nani?

Mama akaniangalia. "Pasta, nimjibu nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaongea, vile sisi wachungaji husema tukibanwa. Nikaenda nyumbani nikafungua vitabu, na nikagundua kwamba yule dada, ambaye hajawahi kukanyaga kanisa letu, alikuwa amesoma mstari huo kwa makini kuniliko.

Sasa tuanze pale nilipopaswa kuanza mwezi uliopita.

Kiswahili chetu hakina "the" wala "a". Ukisema "mtu amekuja", msikilizaji ndiye ataamua kama ni mtu mnayemjua ama ni mgeni. Lakini hatukosi njia. Tunasema "yule mtu". Na tuna njia nyingine ya ndani zaidi ambayo wengi wetu huku bara tumeizembea: "Umelipa deni?" ni swali la jumla, lakini "Umelilipa deni?" ni swali la mtu anayelijua hilo deni, pengine ni lake. Hiyo "li" ndogo katikati ya kitenzi inafanya sehemu ya kazi ambayo Mwingereza anaipa "the". Wanachama wa chama wanajua hiyo tofauti hata kama hawajawahi kufundishwa sarufi.

Kiingereza kina vijineno viwili, "the" kwa kinachojulikana na "a" kwa chochote cha aina hiyo. Mimi nilisoma biashara chuoni, si theolojia, na huko ndiko nilijifunza kuogopa hivi vijineno. Mkataba ukisema hundi itatiwa sahihi na "a director", mkurugenzi mmoja yeyote anatosha. Ukisema "the directors", ni wote, na kama mmoja yuko hospitali mtangoja. Neno ni lile lile, kilichobadilika ni kijineno na herufi moja nyuma. Watu wameenda kortini kwa mambo madogo kama hayo.

Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina kijineno kimoja tu. Kwa mwanamume ni "ho", kwa mwanamke ni "he", kwa ile jinsia ya tatu ni "to", na hubadilika umbo kufuata nomino yake na kazi ya nomino hiyo katika sentensi. Hilo lisikutishe, sisi tuna cha, vya, la, ya na wa, na mtoto wa miaka mitatu anazitumia bila kulia. Ndilo neno linalotokea mara nyingi kuliko lote katika Agano Jipya, karibu mara 20,000. Lakini shikeni hili: Kigiriki hakina "a". Hakina kabisa. Kwa hivyo nomino ikikosa "ho", mfasiri hawezi kusema tu, haya, hapa tuweke "a". Inaweza kuwa "a", inaweza kuwa "the", inaweza kuwa haihitaji chochote. Lazima asome mstari.

Tena Wagiriki huweka "ho" mahali ambapo Mwingereza angecheka. Wanasema "ho Iesous", yaani kama "yule Yesu", na mara nyingi "ho theos", "yule Mungu". Kiingereza hakisemi hivyo, jina halihitaji "the". Ukichukua sheria za Kiingereza ukaenda nazo kwenye Kigiriki, utapotea. Mimi nilipotea nikiwa na kipaza sauti mkononi.

Turudi Yohana 1:1. Mstari una sehemu tatu. Kwanza, Neno alikuwako mwanzoni. Pili, Neno alikuwa kwa Mungu, na hapo "Mungu" ana kijineno chake. Tatu, kwamba Neno alikuwa Mungu, na hapo "Mungu" hana kijineno, "theos" peke yake, tena limewekwa mbele ya kitenzi, na "ho logos", Neno, linafuata nyuma. Hicho kijineno cha "logos" ndicho kinatuambia nani anazungumziwa. Wagiriki waliweza kupanga maneno vile walitaka, kijineno kinakuonyesha mwenye sentensi.

Tafsiri ya Ulimwengu Mpya ya Mashahidi, sehemu ya Agano Jipya ilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1950, iliandika hapo "a god". Kwa Kiswahili walikuwa na shida, kwa sababu hatuna "a". Kwa hivyo waliandika "mungu" kwa herufi ndogo. Fikiria hilo kidogo. Ukiusoma mstari huo kwa sauti, masikio hayasikii tofauti yoyote, iko kwenye karatasi tu. Lakini tuwe wa haki: hata M kubwa kwenye Biblia yetu iliwekwa na wafasiri. Nakala za zamani za Kigiriki ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna upande unaoweza kusema Yohana aliweka herufi yake.

Sasa ile kanuni yangu. Ipo, sikuitunga. Iliandikwa mwaka 1933 na msomi Mmarekani, E. C. Colwell. Alichosema ni kwamba nomino ambayo tayari tunajua inamtaja mmoja maalumu, ikitangulia kitenzi, kwa kawaida huwa haina kijineno. Mimi nikaigeuza kichwa chini miguu juu: kila nomino isiyo na kijineno mbele ya kitenzi inamtaja mmoja maalumu. Ni kama kusema kila ng'ombe ana miguu minne, kwa hivyo hii meza ya sadaka ni ng'ombe. Na si mimi peke yangu. Kuna mahubiri mengi yamejengwa juu ya hiyo meza.

Ubaya wake si wa kisarufi tu. Ukisema Neno ni "yule Mungu" ambaye sehemu ya pili imesema alikuwa pamoja naye, umefanya Baba na Mwana kuwa nafsi moja yenye majina mawili. Hilo si fundisho letu. Ni kosa la zamani ambalo kanisa lililikataa kabla ya Kigiriki kufika kwenye simu zetu. Kwa hivyo nikimkimbia anayempunguza Mwana, nilikuwa nimeingia nyumba ya anayemfuta Mwana. Dada wa yule mama aliliona hilo bila kujua Kigiriki hata kidogo.

Basi "theos" bila kijineno ni nini? Mwaka 1973 msomi mwingine, Philip Harner, aliandika kwamba nomino za namna hiyo mara nyingi hazisemi "ni nani", zinasema "ni wa namna gani", asili yake. Na huhitaji kumwamini kwa sababu ana cheo. Angalia Yohana mwenyewe, mistari kumi na mitatu mbele, pale anaposema Neno alifanyika mwili. Mpangilio ni wa kufanana: "ho logos" ndilo lenye kijineno, na "sarx", mwili, limetangulia kitenzi bila kijineno. Hakuna mtu anasoma pale kwamba alifanyika "mwili fulani", wala kwamba alifanyika "ule mwili". Alifanyika vile sisi tulivyo. Njaa, usingizi, machozi, damu. Na vile alivyofanyika mtu kwelikweli katika mstari wa 14, ndivyo alivyokuwa Mungu kwelikweli katika mstari wa 1. Kila alicho Mungu, Neno alikuwa hicho. Na bado alikuwa pamoja na Baba, si Baba.

Mfano mwingine ambao vijana watauelewa haraka. Yohana anasema katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, kwamba Mungu ni upendo. "Mungu" ana kijineno, "upendo" hauna. Kama vyote viwili vingekuwa na kijineno, ungeweza kugeuza: upendo ni Mungu. Na kuna watu wameshaigeuza, ndiyo maana wanaabudu mahusiano. Yohana hakuacha mlango huo wazi.

Kuhusu kukosa kijineno kumaanisha "mungu mdogo": hesabu mwenyewe katika sura hiyo hiyo. Mstari wa 6, Yohana Mbatizaji alitumwa kutoka kwa Mungu, hakuna kijineno. Mstari wa 12, watoto wa Mungu, hakuna. Mstari wa 13, waliozaliwa kwa Mungu, hakuna. Mstari wa 18, kwamba hakuna aliyemwona Mungu, hakuna. Kote huko hata ndugu zetu Mashahidi wanaandika M kubwa, na wako sawa. Ni haki kuuliza kwa nini si hivyo katika mstari wa 1.

Lakini pia sitaki mtu aende kwa jirani kusema "Pasta amesema haiwezi kamwe kuwa 'mungu fulani'." Inaweza. Matendo 28:6, watu wa Malta wanamwona Paulo ameumwa na nyoka na hajafa, wanasema ni mungu. "Theos" haina kijineno pale, na maana ni hiyohiyo ya mungu fulani, kwa sababu wanaosema ni watu wenye miungu mingi. Anayesema, kwa nani, na kwa habari ya nini, ndivyo vinavyoamua. Yohana ni Myahudi anayejua kuna Mungu mmoja, na mstari wa 3 unasema hakuna kilichofanyika pasipo huyu Neno. Halafu mwisho wa injili hiyo, 20:28, Tomaso anaona alama za misumari na anamwambia Yesu kuwa ni Bwana wake na Mungu wake. Hapo kijineno kipo mara mbili, "ho kyrios" na "ho theos". Yesu hamkemei.

Niliahidi Jumapili kwamba nitaandika kidogo juu ya yule mzee wa Uingereza, kwa sababu muda ulinikatikia.

Granville Sharp alizaliwa 1735. Hakusomea uchungaji. Alipelekwa London kuwa mwanagenzi kwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mwenzake wa kazi alikuwa haamini kwamba Yesu ni Mungu, na katika kubishana akamwambia: wewe unakosea kwa sababu hujui Kigiriki. Sharp hakununa. Alijifundisha Kigiriki. Kijana wa duka la nguo! Mimi nikisoma hilo huwa naona aibu na ile video yangu ya dakika nane.

Mwaka 1765 akakutana na kijana Mwafrika, Jonathan Strong, ambaye bwana wake alikuwa amempiga hadi karibu kufa na kumtupa. Sharp na ndugu yake daktari wakamtibu. Baadaye yule bwana akamwona amepona, akataka kumuuza. Sharp alifanikiwa kumwokoa, kisha akakaa chini kusoma sheria za Uingereza mwenyewe, neno kwa neno, kwa sababu mawakili walimwambia hakuna njia. Mwaka 1772, katika kesi ya James Somerset aliyoisimamia nyuma ya pazia, jaji mkuu aliamua kwamba mtumwa hawezi kushikwa kwa nguvu na kutolewa Uingereza. Na mtu huyohuyo, mwaka 1798, alitoa kitabu kizima juu ya kijineno "ho".

Alichokiona ni hiki. Vyeo viwili vya mtu vikiunganishwa na "na", na kijineno kikiwa mbele ya cha kwanza peke yake, anayetajwa ni mtu mmoja. Sisi tunalijua hili. Nikisema "yule katibu na mweka hazina wetu", mnangojea nimalize na "amefika". Nikisema "yule katibu na yule mweka hazina", mnangojea "wamefika". Sasa enda Tito 2:13, pale Paulo anazungumza juu ya kutokea kwa utukufu wa Mungu mkuu na Mwokozi wetu. Kijineno ni kimoja, mbele ya "Mungu mkuu", na hakirudiwi mbele ya "Mwokozi". Tunayemngoja ni mmoja: Yesu Kristo. Biblia ya Kiingereza iliyotumika wakati wa Sharp ilikuwa imeuacha mstari huo ukisomeka kama wawili, na yeye alitaka ufasiriwe upya.

Kanuni hiyo ina mipaka yake, na yeye mwenyewe aliiweka: ni kwa watu, si vitu, ni kwa umoja, si wingi, na si kwa majina ya watu. Kwa hivyo ukisikia kwenye semina kwamba Waefeso 4:11 inathibitisha kwa kanuni ya Sharp kuwa wachungaji na waalimu ni kitu kimoja, mwambie mwalimu wako kwa upole kwamba hizo ni nomino za wingi. Nimeshajifunza, sasa nawachunga na wengine.

Nimalizie na Luka 18, maana huko ndiko Mungu alinipeleka wiki ile nilipokuwa natafuta jibu la kumshinda yule dada.

Wawili wamepanda hekaluni kuomba. Farisayo anashukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Kwa Kigiriki ana kijineno hapo: wale wengine wote, dunia nzima amewafunga kwenye gunia moja, na yeye amesimama nje akilishika. Mtoza ushuru amesimama mbali, hainui macho, anajipiga kifua, anaomba Mungu amrehemu. Anajitaja nani? Biblia nyingi za Kiingereza zinasema "a sinner", mwenye dhambi mmoja kati ya wengi, kama sisi sote. Kigiriki kina kijineno. Mimi, yule mwenye dhambi. Kana kwamba ukiuliza hekalu zima mwenye dhambi yuko wapi, yeye ndiye angenyosha mkono.

Kuna wataalamu wanaosema kijineno hapo ni kawaida tu ya lugha, Mgiriki akijitaja kwa cheo baada ya "mimi" hukiweka. Inawezekana. Baada ya yaliyonipata sitajenga fundisho juu yake. Lakini Paulo anamwandikia Timotheo kwamba kati ya wenye dhambi yeye ndiye wa kwanza, hapo hakuna haja ya sarufi. Na mimi nilipousoma mstari wa Luka usiku ule, nilijua niko upande gani wa hekalu. Nilikuwa nimemweka yule dada na watu wake kwenye gunia la "wale". Nilitaka kanuni ya kuwanyamazisha. Sikuwa nimewahi hata kuuliza mama yao anaendeleaje.

Nimeuliza. Bado hajaweza kutembea, lakini anakula. Tuliomba pamoja kwa simu Alhamisi. Na yule mama wa maombi aliniambia, "Pasta, hayo yote siwezi kukumbuka. Andika, nimpelekee dada yangu asome mwenyewe."

Basi dada, kama karatasi hii imekufikia: ni mimi yule pasta wa kanuni. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na hili ndilo jibu nililopaswa kukupa. Ukiona nimekosea tena, niandikie nyuma ya karatasi hii hii, kuna nafasi, umpe dada yako aniletee. Na siku zamu zenu zikipatana, mkiniruhusu, ningependa kuja kumwona mama.